Usimpige Mtoto Anayetafuna Kucha

Ndugu msikilizaji, juma hili nazungumzia tabia ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni maradhi: kutafuna kucha na kuchokonoa ngozi iliyo pembeni mwake.

Siku za Idi, watoto wanapojaa katika uwanja wa Tibirinzi hapa Chake Chake, huwa naitazama mikono yao. Hina imekoza vizuri, lakini vidole vya baadhi yao vimetafunwa hadi nyama nyekundu inaonekana. Ukiuliza dawa, utaambiwa shubiri, pilipili au kofi.

Kwanza tujue ukucha unavyoota. Sehemu tunayoiona imekwisha kufa, kama unywele. Uhai uko kwenye shina, chini ya ngozi. Ukucha wa mkono huota kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na huchukua miezi 6 hivi kuwa mpya wote. Basi ncha iliyotafunwa hurudi. Lakini mtu akizoea kusugua shina la ukucha wa gumba kila siku, ukucha huota na mistari iliyokingama, mfano wa vidato vya ngazi. Akiacha, ukucha mpya huweza kutoka laini. Shina likishapata kovu, kasoro hubaki.

Tena ngozi ikichanika, vijidudu huingia, kidole kikavimba na kutunga usaha. Uvimbe ukianza, kiloweke katika maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku. Usaha ukitunga, nenda hospitali. Usijitumbue kwa sindano. Na tusisahau minyoo: mayai yake yakikaa chini ya kucha, mtoto huyapeleka mwenyewe mdomoni.

Tiba ya tabia yenyewe ipo. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, walieleza njia yao: mtu ajifunze kutambua mkono unapoanza kwenda, kisha aupe kazi nyingine, kama kukunja ngumi, kwa dakika chache hadi hamu ipite. Kwetu, kusuka ukili au kushona kofia kutafaa pia. Kucha zikatwe fupi, na gumba lifungwe plasta.

Shubiri huenda ikamkumbusha mtoto. Pilipili itaishia machoni. Kofi humzidishia wasiwasi, na wasiwasi ndio mara nyingi unaokirudisha kidole mdomoni. Msifu kwa kila ukucha unaopona, hata ukiwa mmoja.

Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.