Sura ya 4: Taa Nyekundu Mlangoni mwa Barabara

Mwaka 2000, jimbo la Minnesota nchini Marekani liligombana na taa zake. Si taa za makutano, ambazo kila dereva amezizoea, bali taa ndogo zilizosimikwa kwenye njia za kuingilia barabara kuu za miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul. Taa hizo huruhusu gari moja liingie, husubiri sekunde kadhaa, kisha huruhusu jingine. Asubuhi na jioni dereva aliweza kukaa hapo dakika nyingi huku akiiona barabara kuu mbele yake ikitembea bila shida. Hilo ndilo lililouma. Mtu aliyekwama katika foleni huilaumu foleni, lakini aliyezuiwa na taa wakati barabara inatembea hutafuta aliyeiweka.

Seneta wa jimbo, Dick Day, aliibeba hasira hiyo hadi bungeni: taa zizimwe, watu waachwe waendeshe. Wahandisi wa idara ya uchukuzi walikuwa wameanza kuzijaribu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia wakati huo zilikuwa zimefika takriban 430. Waliamini kwamba zinasaidia. Bunge likaona kuamini hakutoshi, likapitisha sheria ya kuzizima zote kwa wiki kadhaa ili yatakayotokea yapimwe. Nafasi ya namna hii ni adimu mno katika taaluma ya barabara. Huwezi kubomoa daraja la juu ili uone mji ungekuwaje bila hilo, wala huwezi kuwaomba watu wa mji mzima warudie asubuhi ileile mara mbili. Taa, kinyume chake, huzimwa kwa swichi.

Tutayafikia matokeo. Kwanza tuulize kwa nini mhandisi mwenye akili timamu azuie magari yasiingie kwenye barabara yenye nafasi.

Jibu lilianzia kwenye kamera. Mapema miaka ya 1930 Mmarekani Bruce Greenshields aliweka kamera ya sinema kando ya barabara za Ohio, akapiga picha kwa vipindi vilivyo sawa, kisha akapima gari limesogea kiasi gani kati ya picha na picha. Picha zilezile zilimpa mambo mawili: kasi ya magari, na wingi wake katika kila kipande cha barabara. Alipoyachora pamoja alipata mstari unaoteremka. Magari yakizidi, kasi hupungua. Hadi hapo hakuna jipya, hata konda wa daladala angemwambia hivyo bila kamera.

Ila hesabu inayofuata ndiyo iliyozaa taaluma nzima. Idadi ya magari yanayopita mbele yako kwa saa ni kasi yake mara wingi wake. Barabara tupu haipitishi gari lolote, hata kama kasi inayoruhusiwa ni kilomita 110 kwa saa. Barabara iliyojaa bampa kwa bampa nayo haipitishi kitu, maana kasi ni sifuri. Basi kati ya sifuri hizo mbili lazima kuwe na kilele, kiwango cha magari ambapo barabara hupitisha mengi kuliko wakati mwingine wowote. Kabla ya kilele, kila gari linaloingia huongeza idadi inayopita. Baada ya kilele, kila gari linaloingia huipunguza. Data za Greenshields zilikuwa chache mno, na watafiti waliomfuata waliukosoa sana ule mstari wake ulionyooka. Kilele hakuna aliyekiondoa.

Kilele hicho kiko wapi? Fanya hesabu mwenyewe. Madereva hufundishwa kuacha nafasi ya sekunde mbili kati ya gari na gari. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo njia moja ikiwa na madereva watiifu itapitisha magari 1,800. Katika barabara kuu nzuri watu hukaribiana zaidi ya walivyofundishwa, na idadi hiyo huvuka 2,000. Haiendi mbali sana zaidi ya hapo. Gari la kifahari halisaidii kitu, kwa sababu kinachopimwa ni muda wa mwanadamu kuona taa za breki na kuusogeza mguu wake.

Na ni mguu huo unaoleta balaa karibu na kilele. Mwaka 1955 James Lighthill na Gerald Whitham, wanahisabati waliokuwa Manchester, Uingereza, walichapisha kazi mbili zilizofuatana. Ya kwanza ilihusu namna mafuriko yanavyosafiri katika mito mirefu, ya pili ilihusu magari katika barabara ndefu zilizosongamana. Hisabati ilikuwa ya ukoo mmoja. Walionesha kwamba msongamano husafiri kama wimbi, na kwamba magari yakiwa mengi wimbi hilo hurudi nyuma, kinyume na mwelekeo wa magari yenyewe. Ndiyo maana unaweza kutambaa nusu saa, ukajiandaa kuona lori limepinduka, halafu barabara ikafunguka ghafla bila lori, bila trafiki, bila hata ng'ombe. Kilichokuzuia kilitokea kilomita kadhaa mbele, muda mrefu kabla hujafika. Huenda ni dereva mmoja aliyebadilisha njia vibaya, na kufikia saa hizo alikuwa ameshafika kwake anakula.

Wajapani waliamua kulishika wimbi hilo kwa mikono. Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya na wenzake walichora duara lenye mzingo wa mita 230, wakaweka humo magari 22, wakawaambia madereva waende kwa kilomita 30 kwa saa na kufuatana kwa usalama. Hakukuwa na makutano, mlima, wala mahali panapobana. Kwa muda mfupi mambo yalikwenda sawa. Kisha mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi kidogo kwa tahadhari, na baada ya magari machache mtu akalazimika kusimama kabisa. Wimbi likaanza kurudi nyuma kwa takriban kilomita 20 kwa saa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na video yake imetazamwa na watu wengi ambao hawajawahi kufungua jarida la fizikia. Hakuna aliyekosea katika duara lile. Magari yalikuwa mengi tu kuliko miguu ya binadamu inavyoweza kuyapanga.

Ukishalijua hilo, wazo la kuzuia magari mlangoni halishangazi tena. Tayari lilikuwa limejaribiwa New York karibu mwaka 1960, katika handaki la Holland linalopita chini ya mto Hudson. Watafiti waliweka kikomo: magari 44 kwa kila dakika mbili, yakizidi yasubiri nje. Madereva waliosimamishwa mlangoni waliona wanacheleweshwa. Lakini ndani mawimbi ya breki yalipungua, na handaki lilipitisha magari mengi kwa saa kuliko lilipoachwa wazi. Mwaka 1963 Chicago ilipeleka wazo hilo kwenye barabara yake ya Eisenhower. Minnesota ilifuata baadaye, kisha ikaja siku ya kuzimwa.

Taa zilizimwa Oktoba 2000, zikakaa kimya kwa takriban wiki nane. Kampuni ya Cambridge Systematics ndiyo iliyopewa kazi ya kupima. Magari yaliyopita kwenye barabara kuu yalipungua kwa asilimia 9. Muda wa safari ndani ya barabara hizo uliongezeka kwa asilimia 22, na ajali ziliongezeka kwa asilimia 26. Soma tena takwimu ya kwanza: kila aliyetaka kuingia aliruhusiwa, na waliopita wakawa wachache.

Mtu angeishia hapo na kuwapigia wahandisi makofi. Ripoti ile ina takwimu nyingine ambayo mimi huiona muhimu zaidi, na ambayo mashabiki wa taa hawapendi kuitaja. Ukichukua muda ambao taa ziliokoa ndani ya barabara, ukatoa muda uliopotea watu wakisubiri kuingia, kinachobaki kwa mwaka mzima ni saa 25,121. Kwa mji wenye mamilioni ya wakazi, hizo hazifiki hata dakika moja kwa kila mtu. Taa hazikuwapunguzia watu safari kwa maana waliyoifikiria. Ziliwapa uhakika. Ucheleweshaji wa ghafla, ule unaomfanya mtu aondoke nyumbani mapema kila siku kwa kuhofia siku moja, ulikadiriwa kupungua kwa saa milioni 2.6 kwa mwaka. Ajali zilizoepushwa zilikadiriwa kuwa 1,041. Faida hizo mbili zinatosha kuzitetea taa, ila wahandisi walikuwa wakizitetea kwa hoja ya kasi, na kasi ndiyo iliyokuwa hoja yao dhaifu kuliko zote.

Kisha lipo suala la nani anasubiri. Anayeishi mbali huingia barabarani mapema, mahali ambapo hakuna foleni, akapita mbele ya viingilio vyote vya mjini bila kusimama. Anayeishi karibu na katikati ya mji, ambaye safari yake ni ya kilomita chache, ndiye anayesimamishwa ili wa mbali asivurugwe. Kwa hiyo taa zilikuwa zinamlipa aliyechagua kuishi mbali, kwa dakika za aliyebaki karibu. Seneta Day alikosea kuhusu barabara, lakini wapiga kura waliokasirika hawakuwa wajinga. Taa ziliporudi zilirudi zikiwa chache, na kwa sharti: hakuna atakayesubiri zaidi ya dakika nne kwenye kiingilio cha kawaida, wala zaidi ya dakika mbili pale barabara kuu inapokutana na nyingine.

Huku kwetu Afrika Mashariki hatuna desturi ya kuzuia magari mlangoni. Tuna trafiki anayesimama kwenye makutano na kuuachia upande mmoja muda mrefu, na watu husema anafanya kazi ileile. Sidhani. Yeye hugawa zamu kati ya pande mbili, hana namna ya kujua barabara iliyo mbele imebakiza nafasi kiasi gani. Akiachia magari mengi kwa mkupuo, anayahamishia kwa mwenzake wa makutano yanayofuata. Barabara ya Thika nchini Kenya, iliyozinduliwa mwaka 2012 ikiwa na njia nane katika sehemu zake pana, ilifanya hivyo kwa lami na zege: magari ya Kasarani na Roysambu yalianza kufika Nairobi upesi zaidi, kwenye raundiabauti zilezile za katikati ya jiji. Barabara ndefu hupitisha magari mengi kadiri sehemu yake finyu inavyoruhusu, na sehemu hiyo mara nyingi ndiyo ya mwisho.

Tofauti yetu kubwa na Minnesota ni kwamba wengi wetu hatuko ndani ya magari madogo. Njia moja yenye magari 2,000 yaliyobeba mtu mmoja mmoja hupitisha watu 2,000. Basi refu la mwendokasi la Dar es Salaam, mojawapo ya yale yaliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, hubeba zaidi ya watu mia moja, na mabasi 20 kwa saa yanatosha kuifikia idadi hiyo huku njia ikiwa karibu tupu. Hata Minneapolis mabasi yalipewa njia ya pembeni kwenye viingilio vingi, yasisubiri taa. Barabara inayojengwa leo Afrika Mashariki bila njia ya basi imepimwa kwa kipimo kisicho sahihi, hata kama ina njia kumi.

Kwa hiyo mradi wa kupanua barabara ukitangazwa unapoishi, nenda kwenye mkutano wa wananchi. Usikae kutazama picha ya daraja jipya iliyobandikwa ukutani. Omba mchoro wa makutano ya mwisho, mahali magari hayo yote yatakapotokea, na uulize basi litapita wapi.