Mlango wa Oveni Unapogoma Kufunguka

Baadhi ya vituo na nyumba za wageni za makanisa zimepata oveni za umeme zinazojisafisha, nyingi zikiwa zimetumwa na marafiki walioko Ulaya. Ni vyombo vizuri. Lakini wapishi wanatuuliza: tufanye nini mlango ukijifunga na kukataa kufunguka, na mikate ya wageni wa kesho inasubiri kuokwa?

Oveni hizi hazijisafishi kwa maji wala sabuni. Hupanda joto hadi karibu nyuzi 500 za Sentigredi kwa saa mbili au tatu, mafuta na mabaki yakaungua kuwa majivu, ambayo baadaye hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Mtu akifungua mlango wakati huo ataungua vibaya. Ndiyo sababu kuna komeo linalosukumwa na mota ndogo, nalo halifunguki mpaka joto lishuke vya kutosha. Kando yake kuna swichi ndogo inayoijulisha oveni kama mlango umefungwa.

Mara nyingi, basi, hakuna kilichoharibika. Oveni bado ina joto tu. Iacheni saa kadhaa, hata usiku kucha.

Ikiwa imepoa kabisa na bado imegoma, ulizeni kama umeme ulikatika wakati ikijisafisha. Kwetu jambo hili si geni! Umeme ukikatika, mota husimama na komeo hubaki lilipokuwa. Zimeni oveni kwenye swichi kuu ya ukutani, ngojeni dakika tano, kisha washeni. Isipofungua, anzisheni usafishaji kwa dakika moja na kuusitisha, ili mota izunguke tena. Wakati huo mtu mmoja asukume mlango kwa ndani taratibu, maana komeo lililobanwa na mlango uliolegea haliwezi kurudi.

Tafadhali msitumie kisu wala bisibisi. Tumeona mlango uliobanduliwa hivyo: kioo kilipasuka, na kioo ni ghali kuliko swichi.

Pengine tatizo ni kinyume chake, yaani oveni inakataa kuanza kujisafisha. Hapo angalieni kwanza mafuta yaliyoganda kwenye tundu la komeo, kisha bawaba za mlango. Futeni kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, lakini msisugue utepe unaozunguka mlango. Ukichakaa, joto litavuja.

Haya yote yakishindikana, iteni fundi umeme. Azime umeme kabla ya kufungua kifuniko, apime swichi kwa mita kabla ya kulaumu mota, na anakili namba ya modeli iliyo kwenye kibati karibu na mlango, kwa kuwa vipuri vya modeli moja mara nyingi havifai nyingine. Akisubiri kipuri, na mlango ukiwa unafunguka, oveni nyingi bado zitaoka mikate kama kawaida. Usafishaji ufanyeni kwa mkono.