Mashine za kudeki kwa mvuke: Zinafaa sakafu zipi za nyumba za Pwani?

MASHINE ya kudeki kwa mvuke huuzwa kwa ahadi tatu: kwamba sakafu itang'aa bila sabuni, kwamba vijidudu vitakufa bila dawa, na kwamba anayedeki hatalazimika kuinama wala kukamua dekio. Kwa familia zinazoishi ukanda wa Bunju, Mapinga, Kerege hadi Bagamoyo mjini, ambako mchanga huingia ndani kila mlango unapofunguliwa, ahadi hizo zinavutia.

Hata hivyo, swali iwapo mashine hiyo inastahili fedha zake haliwezi kujibiwa kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi. Jibu linategemea aina ya sakafu iliyomo ndani ya nyumba. Katika ukanda huu, nyumba ya vigae vipya, nyumba ya saruji iliyopigwa niru na nyumba ya mawe na chokaa huweza kuwa katika mtaa mmoja, na kinachosafisha moja huweza kuiharibu nyingine.

Inavyofanya kazi

Kimuundo, mashine hii ni birika la umeme lililounganishwa na dekio. Tangi lake dogo huchukua takriban nusu lita ya maji. Koili ya umeme, ambayo kwa mashine nyingi huwa na nguvu ya kati ya wati 1,200 na 1,600, huyachemsha maji hayo. Mvuke hushuka hadi kwenye kichwa cha mashine na kupenya katika kitambaa kinachogusa sakafu.

Mvuke unapokutana na sakafu iliyo baridi hugeuka tena kuwa maji, na hapo ndipo unapoachia joto lake. Gramu moja ya mvuke inapogeuka maji huachia takriban jouli 2,260. Gramu moja ya maji yaliyochemka, ikipoa kutoka nyuzi 100 hadi nyuzi 30, huachia chini ya jouli 300. Joto hilo ndilo linalolegeza mafuta ya jikoni, alama za nyayo na uchafu ulioganda. Lakini mvuke hauondoi uchafu huo. Kazi ya kuuondoa ni ya kitambaa, na kitambaa kikishachafuka huanza kuusambaza.

Mashine za nyumbani za aina hii zilipata umaarufu mkubwa nchini Korea Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupitia kwa mjasiriamali Romi Haan, aliyekuwa mtumishi wa serikali kabla ya kuanzisha kampuni yake. Wakorea huvua viatu mlangoni, hukaa na hata kulala sakafuni, na desturi yao ilikuwa kuifuta sakafu kwa kitambaa mtu akiwa amepiga magoti. Mazingira hayo hayako mbali na ya Pwani, ambako viatu huachwa nje na mkeka hutandikwa kwa chakula na mazungumzo. Tofauti ni kwamba mashine iliyobuniwa kwa sakafu laini na zilizozibwa vizuri haikubuniwa kwa ajili ya niru wala chokaa.

Je, vijidudu hufa?

Watengenezaji wengi hudai kwamba mvuke huua asilimia 99.9 ya vijidudu. Dai hilo si uongo, lakini lina masharti. Matokeo ya namna hiyo hupatikana katika maabara, pale kichwa cha mashine kinapotulizwa mahali pamoja kwa sekunde kadhaa ili joto lipate muda wa kufanya kazi. Mtu anayedeki sebule kwa mwendo wa kawaida hupitisha mashine juu ya kila kigae kwa muda mfupi sana. Katika mwendo huo, sakafu hupata joto kidogo tu, na vijidudu vingi huondolewa kwa kufutwa, kama ambavyo vingeondolewa na dekio la kawaida lenye sabuni.

Kwa matumizi ya kila siku, hilo si tatizo. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilieleza Aprili 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, kwamba katika mazingira mengi yasiyo ya hospitali, kusafisha kwa sabuni au sabuni ya maji kunatosha, na kwamba dawa ya kuua vijidudu inahitajika zaidi pale ambapo kuna mgonjwa au mtu aliyethibitika kuwa na maambukizi.

Kinyume chake ni hatari zaidi: kudhani kwamba mvuke unaweza kuchukua nafasi ya dawa pale dawa inapohitajika. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya nchi uliwakumbusha wakazi wa ukanda huu umuhimu wa klorini. Sakafu iliyochafuliwa na matapishi au choo cha mgonjwa wa kuhara husafishwa kwa dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya wataalamu wa afya. Kuipitisha mashine ya mvuke hapo ni kukichafua kitambaa na kuubeba ugonjwa hadi chumba kingine.

Vigae ndivyo vinavyofaa

Sakafu inayoelewana na mvuke kuliko zote ni ya vigae vilivyochomwa na kuwekewa uso wa kung'aa, ambavyo wengi huviita taili au marumaru. Vigae hivyo havinywi maji, na havidhuriki kwa joto la mashine ya nyumbani. Sehemu dhaifu ni saruji nyeupe inayojaza nafasi kati ya kigae na kigae. Ikiwa ina nyufa au imebanduka, unyevu hupenya chini na baada ya muda kigae huanza kulegea. Inafaa kuiziba kwanza.

Marumaru halisi, yaani jiwe la asili, ni jambo tofauti. Jiwe hilo lina vitundu vidogo na mara nyingi hupakwa dawa ya kulizuia lisinywe maji, ambayo joto huweza kuiondoa. Teraso nayo, kwa kuwa ni mchanganyiko wa saruji na vipande vya mawe, inahitaji tahadhari hiyo hiyo.

Niru, plastiki na mbao

Nyumba nyingi za watu wa kipato cha chini na cha kati zina sakafu ya saruji iliyopigwa niru, na baadhi husuguliwa kwa nta nyekundu. Hapa mvuke ni hasara ya wazi. Joto huyeyusha nta, kitambaa huikomba, na sakafu hubaki na mabaka. Mahali ambapo nta haipo, niru hunywa unyevu badala ya kuufutisha. Kwa sakafu hii, dekio lililokamuliwa vizuri linatosha, kisha nta hurudishwa kila inapofifia.

Zulia la plastiki huathirika kwa namna nyingine. Likipata joto hulainika, gundi iliyo chini huachia na kingo hujikunja. Mbao na mbao za kubandika zilizotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandamizwa huvimba pale mvuke unapopenya kwenye maungio. Watengenezaji wengi wa sakafu za aina hiyo huonya kabisa dhidi ya mvuke, na mnunuzi anayepuuza onyo hilo anaweza kupoteza haki yake ya dhamana.

Nyumba za mawe za mji mkongwe

Bagamoyo ina suala ambalo nyumba za kisasa hazina. Nyumba kongwe za mawe za karne ya 19 zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vifaa hivyo hunyonya unyevu na kuutoa, na kwa kuwa viko karibu na bahari, vimebeba chumvi ndani yake.

Unyevu ukiingizwa katika chokaa huyeyusha chumvi hiyo. Sakafu inapokauka, chumvi husafiri hadi juu na kuganda kuwa punje, ambazo hutanuka na kuivunja chokaa kidogo kidogo hadi ikawa unga. Mvuke wa leo hauonyeshi madhara yake leo. Huonekana baada ya kudeki mara nyingi, pale sakafu inapoanza kuacha vumbi jeupe ambalo hakuna ufagio unaolimaliza.

Neno lenyewe "sakafu" lina asili ya Kiarabu, ambako humaanisha dari au paa. Katika nyumba za ghorofa za mawe maana hizo mbili hukutana, kwani sakafu ya chumba cha juu ndiyo dari ya chumba cha chini. Unyevu unaoingia juu huishia katika boriti zinazobeba uzito wote. Mwenye nyumba ya namna hiyo anashauriwa kufagia kwa ufagio laini, kufuta kwa kitambaa chenye unyevu mdogo na kuacha madirisha wazi.

Mchanga na maji ya chumvi

Hata juu ya vigae, mashine ya mvuke haifuti kazi ya ufagio. Haivuti mchanga. Kitambaa chenye unyevu kikipita juu ya mchanga huusukuma huku na huko, na punje zake hukwaruza uso wa kigae hadi ung'aavu ukapotea. Kwa nyumba iliyo karibu na ufukwe, kufagia kabla ya kudeki ni lazima, na ni sehemu kubwa ya kazi ambayo mnunuzi alidhani ameikwepa.

Maji nayo yana neno lake. Visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi au madini mengi. Maji hayo yakigeuka mvuke, madini hubaki nyuma na kuwa ukoko mweupe, kama ule unaoonekana chini ya birika. Ukoko huo huziba matundu ya mvuke na kuifanya koili ipate joto kupita kiasi. Kuyachemsha maji kwanza hakuondoi chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchujwa wakati wa masika au vuli yanafaa zaidi, na vivyo hivyo maji ya bomba yasiyo na chumvi.

Upande huu pia una faida ya kweli. Mashine hutumia nusu lita au lita moja ya maji mahali ambapo ndoo ya kudeki huchukua lita 10 au zaidi. Kwa familia inayonunua maji kwa madumu, tofauti hiyo inahesabika.

Hesabu ya umeme

Mashine ya wati 1,500 ikitumika kwa dakika 20 hula nusu uniti ya umeme. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni uniti 15. Kwa bei za mwaka 2016, ambapo mteja wa kawaida alitozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, gharama hiyo huwa takriban shilingi 4,400 kwa mwezi kabla ya makato hayo.

Kiasi hicho si kikubwa kwa kila mtu. Tatizo ni kwa mteja mdogo. Katika bei hizo za 2016, aliyetumia hadi uniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa uniti, na uniti za ziada zilitozwa bei ya juu zaidi. Uniti 15 ni sehemu moja ya tano ya kiwango hicho. Familia iliyo karibu na ukomo inaweza kuvuka mpaka kwa ajili ya kudeki tu. Aidha, umeme ukikatika, dekio la zamani ndilo linalomaliza kazi.

Usalama wa watoto na wafanyakazi

Kwa sababu mvuke huachia joto lote unapogusa ngozi, majeraha yake huwa makali kuliko ya maji ya moto ya kiasi hicho hicho. Mwaka 2024, kampuni ya Bissell iliwataka wateja wa Marekani kuacha kutumia mashine zake za mvuke za kushika mkononi zipatazo milioni 3.2, baada ya taarifa za watu kuunguzwa na mvuke au maji ya moto. Hizo hazikuwa za kudekia, lakini kanuni ni ile ile: mtoto anayetambaa asiwepo chumbani, na tangi lisifunguliwe kabla mashine haijapoa. Dada wa kazi anapaswa kufundishwa hayo kabla ya kukabidhiwa kifaa.

Dawa ya klorini, sabuni au manukato visiwekwe katika tangi, kwani anayedeki huvuta hewa ya kinachopanda. Hatari hiyo haiko kwa mvuke peke yake. Katika kudeki kwa kawaida, kuchanganya klorini na dawa ya choo yenye asidi huzalisha gesi yenye sumu. Ni kweli kwamba mtu mwenye pumu anayesumbuliwa na harufu za dawa anaweza kupata nafuu kwa kutumia mvuke mtupu, na mwenye maumivu ya mgongo anaweza kunufaika kwa kutoinama. Hao, wakiwa na sakafu ya vigae, umeme wa uhakika na maji yasiyo na chumvi, ndio wanaostahili kuifikiria mashine hii.

Kwa wengine, ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, pamoja na dekio safi, hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo. Anayesitasita anaweza kufanya jaribio rahisi kabla ya kwenda dukani: adondoshe matone machache ya maji sakafuni, mahali pasipo na nta, na asubiri dakika tano. Matone yakinywewa na kuacha doa jeusi, sakafu hiyo haifai kwa mvuke. Yakibaki juu kama yalivyodondoka, hapo ndipo mazungumzo ya bei yaanze.