Kiyoyozi cha Gari Kilichoharibika: Kitengenezwe au Kiondolewe?

Kiyoyozi cha gari kinapoharibika, mazungumzo ya mwenye gari na fundi huwa ni ya fedha: kitengenezwe, au king'olewe ili kupunguza matumizi ya mafuta? Swali hilo lina upande wa afya ambao husahaulika. Jibu lake hutegemea mambo matatu: hitilafu, abiria na njia.

Kiyoyozi kisichopoza mara nyingi huwa kimepungukiwa na gesi. Gesi hiyo haiishi kwa kutumika kama petroli, bali huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ipo sehemu inayovuja, na kuijaza bila kuziba tundu ni kutupa fedha. Hitilafu nzito zaidi ni kompresa kukwama. Katika magari mengi, mkanda unaoizungusha ndio unaozungusha pia alteneta, na pengine pampu ya maji. Ukikatika, safari huishia njiani. Hata hapo si lazima mfumo wote ung'olewe. Kwa baadhi ya injini, fundi anaweza kufunga mkanda mfupi usiopita kwenye kompresa, mabomba yakabaki yamefungwa hadi fedha zitakapopatikana. Yakiachwa wazi huingiwa na unyevu, na matengenezo ya baadaye huwa ghali.

Mtu mzima mwenye afya njema anayetoka Shirimatunda kwenda sokoni mjini Moshi hutosheka kwa kufungua vioo. Sivyo kwa kila mtu. Mwili wa mtoto mchanga hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Mzee huchelewa kuhisi kiu. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za kuongeza mkojo anaweza kupungukiwa na maji haraka, na mwenye pumu hudhurika na vumbi. Insulini nayo huharibika kwa joto. Familia yenye mmoja wa watu hawa, inayosafiri mbali kwenda kliniki, ina sababu nzito ya kutengeneza.

Kuhusu njia, anayepanda Kibosho au Machame hukutana na ubaridi, lakini wakati wa masika hukutana pia na ukungu kwenye kioo cha mbele. Kiyoyozi hukausha hewa na kuufuta ukungu huo. Anayekiondoa ahakikishe feni na hita zinafanya kazi. Anayeteremka kupitia Same na Korogwe hadi Dar es Salaam hukaa saa nyingi katika joto, na joto humchosha dereva na kupunguza umakini wake.

Uamuzi wowote utakaofikiwa, gesi isiachiwe hewani. Gesi ya R-134a, inayotumika katika magari mengi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikirukia ngozi au jicho hujeruhi kwa baridi kali. Katika chumba kisicho na madirisha huweza kuchukua nafasi ya hewa na kumkosesha mtu pumzi. Aidha, huongeza joto la dunia, na ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii yake. Fundi mwenye mashine huinyonya na kuihifadhi. Gesi ya kupikia isitumike badala yake, kwa kuwa hulipuka.

Mhudumu wa afya anayepanga rufaa au kliniki amuulize mgonjwa atasafiri kwa chombo gani na saa ngapi. Asiye na kiyoyozi asafiri alfajiri, abebe maji, na asimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika chache. Msafiri akianza kuchanganyikiwa huku mwili ukiwaka moto, hiyo ni dharura: apelekwe kivulini, alowanishwe maji, apepewe, na awahishwe hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu chochote.