Protini moja yaunganisha utafiti wa saratani, kinga na uzee

KATIKA maabara kubwa za Ulaya na Marekani, si ajabu siku hizi kumkuta mtafiti wa saratani akishirikiana na mwenzake anayechunguza uzee, na wa tatu anayechunguza umetaboli, yaani jinsi mwili unavyokigeuza chakula kuwa nguvu na nyama. Zamani kila mmoja wao alikuwa na idara yake na majarida yake. Kilichowakutanisha, kwa kiasi kikubwa, ni protini moja iitwayo TOR. Aidha, mmoja wa walioigundua hakuwa profesa bali kijana aliyekuwa katika kazi ya muda tu.

Kisa chenyewe kilianzia Kisiwa cha Pasaka, ambacho wenyeji hukiita Rapa Nui, katika bahari ya Pasifiki. Mnamo 1964 kundi la madaktari na wanasayansi lilitoka Canada kwa meli ya kijeshi kwenda kuchunguza afya ya wakazi wa kisiwa hicho kinachomilikiwa na Chile. Waliporejea walibeba pia sampuli za udongo. Udongo huo ulifika katika kampuni ya dawa ya Ayerst, mjini Montreal, ambako Dkt Suren Sehgal na wenzake waligundua ndani yake bakteria inayotengeneza kemikali ya kuua kuvu. Kemikali hiyo, iliyotangazwa mwaka wa 1975, ilipewa jina rapamisini kutokana na jina la kisiwa. Wapo wanaouliza hadi leo wenyeji walifaidika na nini zaidi ya jina hilo, na swali lao ni la haki.

Rapamisini iliua kuvu, lakini pia ilidhoofisha kinga ya mwili, jambo ambalo ni kasoro kubwa kwa dawa ya kutibu maambukizi. Kampuni ilipoifunga maabara hiyo ya Montreal mwanzoni mwa miaka ya 1980, utafiti uliachwa. Sehgal hakukubali. Aliihifadhi kemikali hiyo katika jokofu la nyumbani kwake hadi wakuu wa kampuni walipobadilisha nia miaka kadhaa baadaye. Kasoro ile ikageuka kuwa faida, kwa kuwa mgonjwa aliyepandikizwa figo huhitaji kinga yake ipunguzwe makali ili isiishambulie figo hiyo ngeni. Mwaka wa 1999 Marekani iliidhinisha rapamisini itumiwe kwa kazi hiyo.

Lakini je, kemikali hii ilifanyaje kazi ndani ya seli? Jibu lilitoka Basel, Uswisi, katika maabara ya Profesa Michael Hall. Huko alikuwapo Joseph Heitman, Mmarekani aliyekuwa mtafiti wa baada ya uzamifu.

Mtafiti wa aina hii ni mtu aliyekwisha kuhitimu shahada ya uzamifu, hivyo huitwa daktari, ila hana kazi ya kudumu. Huajiriwa na maabara ya profesa kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu, mara nyingi ugenini, ili apate ujuzi na kuchapisha matokeo kabla ya kuomba nafasi ya uhadhiri. Profesa hutafuta fedha na kuongoza. Yeye ndiye anayeshinda maabarani. Hall mwenyewe alipitia njia iyo hiyo, Paris na San Francisco.

Heitman, Hall na mwenzao Rao Movva hawakutumia binadamu wala panya. Walitumia hamira, ileile inayoumusha mkate. Waliilisha rapamisini, nayo ikakoma kukua. Hata hivyo, seli chache sana ziliendelea kukua kana kwamba hakuna lililotokea. Zilikuwa na hitilafu katika jeni fulani, na kwa kuzifuatilia jeni hizo watafiti hao walitambua mahali rapamisini inapogusa. Mwaka wa 1991 walitangaza jeni mbili walizoziita TOR1 na TOR2. Kufikia 1994 maabara za Marekani zilikuwa zimeipata protini kama hiyo katika wanyama na binadamu.

TOR yaweza kulinganishwa na msimamizi wa ujenzi. Chakula kikiwa tele, huiamuru seli ijenge na kukua. Chakula kikipungua, ujenzi husimama, na seli huanza kuzivunja sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Hapo ndipo fani zile zinapokutana. Katika saratani nyingi msimamizi huyu hapumziki, na uvimbe huendelea kukua. Seli za kinga nazo humhitaji ili ziongezeke upesi wakati viini vya maradhi vinapovamia, na ndiyo sababu rapamisini huzipunguza nguvu. Dawa ya jamii hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2007 kwa saratani ya figo. Huwaongezea wagonjwa miezi kadhaa, wala si tiba kamili, kwani uvimbe hutafuta njia nyingine za kukua.

Kuhusu uzee, habari kubwa ilitoka mwaka wa 2009. Maabara tatu za Marekani ziliwalisha rapamisini panya wenye umri wa siku 600, ambao kwa kipimo cha binadamu wangekuwa karibu na miaka 60. Umri wa juu wa majike uliongezeka kwa asilimia 14 na wa madume kwa asilimia 9. Mwaka wa 2014 ilitangazwa kwamba wazee waliopewa kiasi kidogo cha dawa ya jamii hiyo waliitikia vyema zaidi chanjo ya homa ya mafua. Lakini mwaka wa 2019 jaribio kubwa la dawa nyingine inayozuia TOR halikufaulu kuwakinga wazee na maradhi ya njia ya hewa.

Hakuna jaribio ambalo limethibitisha kuwa rapamisini hurefusha maisha ya binadamu. Huweza kusababisha vidonda mdomoni, kupandisha mafuta katika damu na kuchelewesha kupona kwa majeraha. Katika nchi kama Kenya, ambako kifua kikuu kingalipo, kumeza dawa ya kupunguza kinga bila agizo la daktari ni kujitafutia balaa.

Heitman baadaye alipata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Duke. Wengi wa wenzake wa leo hawatapata bahati hiyo, kwani nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozitafuta. Mwishoni mwa 2022 watafiti wa baada ya uzamifu walikuwa miongoni mwa wafanyakazi 48,000 waliogoma katika Chuo Kikuu cha California wakidai nyongeza ya mishahara. Mwaka wa 2024 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani ilipandisha posho ya wanaoanza, chini ya ufadhili wake mkuu wa mafunzo, hadi dola 61,008 kwa mwaka.