Memori ya kompyuta kuukuu: soma kibandiko kabla ya kuvuka Gatumba

Mnunuzi wa Nairobi akiuziwa memori isiyoingia kwenye kompyuta yake, anaweza kurudi Luthuli Avenue jioni hiyohiyo akabadilishiwe. Kwa mchuuzi wa Gatumba mambo ni mengine. Memori imenunuliwa katikati ya Bujumbura, kompyuta iko Uvira kwenye kibanda cha kuchapa barua, na kati yake kuna kituo cha Gatumba, kituo cha Kavimvira, nauli ya kwenda na kurudi, na mwenye duka ambaye huenda keshasema mali ikitoka hairudi. Faida ya kipande kimoja haistahimili safari ya pili.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja si anataka gigabaiti ngapi. Muulize iliyomo sasa imeandikwa nini. Azime mashine, achomoe waya wa umeme, afungue kifuniko, apige picha kibandiko cha memori na kukutumia kwa simu.

Kompyuta za mezani za miaka ya 2005 hadi 2008 kwa kawaida hutumia DDR2. Zilizofuata, hadi karibu 2014, ni za DDR3, kisha ikaja DDR4. DDR2 na DDR3 za mezani zote zina pini 240, hivyo kwa macho ni mapacha. Lakini pengo lililokatwa kwenye safu ya pini haliko mahali pamoja, na umeme wake hutofautiana: volti 1.8 kwa DDR2, 1.5 kwa DDR3. Ikikataa kuingia, usiisukume. Memori ya kompyuta mpakato ni fupi zaidi na haiingii kwenye ya mezani.

Kwenye kibandiko, PC2, PC3 au PC4 hutaja kizazi. PC3-12800 ni DDR3 ya kasi ya 1600, na PC3-10600 ni ya 1333. Ukizichanganya, zote hufuata mwendo wa ile ya polepole, basi usilipie kasi ambayo mashine haiwezi. PC3L hutumia volti 1.35, na kompyuta mpakato nyingi zilizotoka kuanzia 2013 zinahitaji hiyo.

Mitego miwili huwanasa hata wazoefu. Wa kwanza ni memori za seva, ambazo mara nyingi namba yake huishia na herufi R. Bei yake huvutia, lakini kompyuta ya kawaida haiwaki nazo. Wa pili ni DDR2 ya gigabaiti 4 kwa bei ya kutupa: nyingi za namna hiyo hufanya kazi kwenye mashine za AMD tu, na mteja wako mwenye Intel atakuona tapeli.

Kuhusu ukubwa, Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiweka 8. Kutoka 2 kwenda 4 mteja ataona nafuu ya kweli. Zaidi ya hapo, kwa kuchapa na kurudufu tu, mimi ningemshauri anunue diski ya SSD kwanza.

Memori iliyotumika si mbaya, ila itazame pini zake. Gatumba inajua maji: mto Rusizi ulipofurika Aprili 2020, maelfu walihama nyumba zao. Kipande chenye kutu ya kijani kwenye pini kiache, hata ukipewa bure. Uchafu mwepesi hutoka kwa kifutio cha penseli. Memtest86+ ni programu ya bure ya kupima memori. Iache ifanye kazi usiku mzima, umeme ukiruhusu.

Lipo na la forodha. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa mali iliyozalishwa ndani ya Jumuiya. Memori za Samsung na SK Hynix, kampuni za Korea Kusini, hazizalishwi ndani ya Jumuiya, hivyo cheti hicho hakizihusu hata zikiwa mbili tu mfukoni. Zitangaze dirishani na uonyeshe risiti. Risiti hiyo muuzaji aiandike aina kamili, kasi, ukubwa, na siku atakazokubali kubadilisha.