Ukitafuta habari za babu yako Kericho, tafuta 'Lumbwa'

Je, msomaji, umewahi kumsikia mzee akisema kwamba pale palipo na majani chai leo palikuwa malisho ya ng'ombe wa babake? Ikiwa unaishi Kericho au Bomet bila shaka umesikia, tena si mara moja. Na ulipomwuliza ana barua gani ya kuthibitisha hayo, huenda alikutazama tu akanyamaza. Karatasi hizo zipo. Taabu ni kwamba haziko Kericho.

Mjini Kericho lipo tawi la shirika la maktaba za kitaifa, lile lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1965. Aghalabu wanaokwenda huko ni wanafunzi wanaotafuta mahali patulivu pa kujiandalia mitihani. Hata hivyo, anzia hapo. Uliza kuhusu vitabu vya historia ya Wakipsigis, kama kile cha Henry Mwanzi cha mwaka wa 1977. Ukikosa, jaribu Chuo Kikuu cha Kabianga.

Nje kidogo ya mji, katika shamba la Timbilil, kuna taasisi ya utafiti wa majani chai. Huko udongo, mbolea na miche vimeandikiwa ripoti kwa miongo mingi. Ndiko ilikotoka ile chai ya zambarau iitwayo TRFK 306, waliyopewa wakulima mwaka wa 2011. Kwa hivyo mchai una maktaba yake hapa hapa nyumbani. Historia ya aliyeondolewa ili mchai upandwe ndiyo iliyosafirishwa.

Nayo historia yenyewe si ndogo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 hapo Kericho kwa ajili ya maafisa Waingereza waliojeruhiwa vitani. Mradi wao ulianguka, na baadaye kampuni za majani chai zikachukua ardhi hiyo. Mwaka wa 1934 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa akina laibon, na familia nzima nzima zikapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliyakubali malalamishi ya Wakipsigis na Watalai, na mwaka wa 2022 wakayafikisha katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika kesi kama hizo neno la mzee lina uzito, lakini wakili atauliza kama kuna karatasi.

Basi panda matatu uende Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ile nyumba iliyo kati ya Moi Avenue na barabara ya Tom Mboya. Usidanganyike ukiingia. Chini utaona vinyago na vitu vya kale vya marehemu Joseph Murumbi, na mimi mara ya kwanza nilidhani ni hayo tu! Uliza chumba cha kusomea, na usisahau kitambulisho chako.

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukitafuta Bomet katika faili za wakoloni hutapata wilaya ya jina hilo, kwa kuwa ilimegwa kutoka Kericho mwaka wa 1992. Ukitafuta chini ya Bonde la Ufa pia utapotea, kwa sababu enzi hizo Kericho ilihesabiwa katika mkoa wa Nyanza. Na Wakipsigis wenyewe wazungu waliwaita Walumbwa, jina ambalo wazee hawalipendi hata leo. Lakini ndilo lililoandikwa juu ya faili, na hata kama linakuudhi, litafute hilo hilo.

Si mbali na hapo ipo Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Imehifadhi magazeti ya zamani, ila uliza kwanza kama yanatolewa, maana jengo hilo limekuwa na mipango ya kukarabatiwa.

Na hata Nairobi si mwisho wa safari. Mwaka wa 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha faili zilizoondolewa katika makoloni kabla ya Uhuru, za Kenya zikiwemo. Sasa zimewekwa Kew, London, katika fungu la FCO 141, na barua za gavana na wakubwa wake ziko katika fungu la CO 533. Mjukuu wa Kericho atafikaje huko? Katiba ya 2010 imeziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Nakala za faili hizo zingetosha rafu moja tu mjini Kericho, na sioni ni nini kinachozuia kaunti mbili zenye majani chai mengi hivyo kuziagiza.

Kwa sasa, kabla hujapanda matatu, kaa na mzee uandike jina la kijiji kama kilivyoitwa zamani, jina la chifu wa wakati huo, na rika la babake. Faili nyingi zimepangwa kwa mwaka, na rika litakusaidia kukisia mwaka wa kuanzia.